Alichonyimwa Nyoka, Ngozi Yake Imekibeba

Nyoka hana miguu, na hukimbia. Hana kope, na jicho lake halikauki hata kiangazi kikipamba moto. Hana mikono ya kukwea, na unaweza kumkuta juu ya paa la makuti. Mtu akianza kuhesabu vitu alivyonyimwa kiumbe huyu, huenda akamhurumia badala ya kumwogopa. Lakini Muumba hakumwacha hivyo. Ukiitazama ngozi yake kwa utulivu utaona kwamba karibu kila alichokikosa amepewa kwa mlango mwingine, na mlango huo ni gamba.

Kumtazama kwa utulivu ndiko kugumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hofu hiyo ina haki yake: vijijini kwetu wapo waliopoteza mguu, mtoto au ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya kifutu na koboko. Simshauri mtu yeyote amsogelee nyoka asiyemjua. Ninachosikitikia ni kwamba hofu imetufumba macho, tukazeeka tukiamini kuwa nyoka ana utelezi na ute wa samaki. Si kweli. Waliowahi kumgusa chatu katika bustani za nyoka, Arusha au Nairobi, wanajua kwamba ngozi yake ni kavu kabisa. Inapita mkononi kwa ulaini, na mkono unabaki bila hata tone la unyevu.

Gamba la samaki ukilipara kwa kisu linatoka moja moja, kwa kuwa kila moja ni kipande kinachojitegemea, kimechomekwa ngozini. La nyoka halitoki hivyo. Ngozi yake ni kitu kimoja kisichokatika kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Magamba ni sehemu za ngozi hiyohiyo zilizofanywa nene na ngumu, na kati yake zimo sehemu nyembamba zilizokunjwa ndani. Malighafi yake ni keratini na jamaa zake, protini za ukoo ule unaojenga kucha na nywele zetu. Juu ya gamba pana aina ngumu, iliyo karibu na ile inayojenga manyoya ya ndege. Kwenye mkunjo ipo aina laini inayonyumbuka. Ndiyo maana chatu anaweza kummeza swala. Gamba lenyewe halitanuki, ila mikunjo inafunguka, na nyoka aliyeshiba huonyesha michirizi ya ngozi nyembamba ambayo siku nyingine zote hufichwa.

Watu wengi walidhani kwamba magamba ndiyo yanayozuia maji yasitoke mwilini, na dhana hiyo inaeleweka: viumbe wenye magamba ndio wanaostahimili nyika na majangwa. Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Marekani, Paul Licht na Albert Bennett, walichapisha vipimo vya nyoka aliyezaliwa bila magamba, kasoro inayotokea mara chache sana. Walimlinganisha na wenzake wa aina ileile waliokamilika. Upotevu wa maji ulikuwa karibu sawa. Kinachozuia maji si ugumu wa nje bali mafuta yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya ngozi, chini ya lile gamba tunaloliona. Napenda sana jambo hili. Ngao ilikuwa mbele ya macho yetu tukaipa sifa zote, na kumbe aliyekuwa akimlinda nyoka na ukame ni utando wa mafuta usioonekana wala kugusika.

Tuje kwenye miguu. Ukimgeuza nyoka aliyekufa, utaona kwamba tumbo lake halifanani na mgongo. Mgongoni magamba ni madogo, yamepangwa kwa safu za mshazari. Tumboni ni mapana, kila moja linakata upana wa tumbo kutoka ubavu hadi ubavu, yakifuatana kuanzia kooni. Kwa nyoka wengi kila gamba pana linalingana na pingili moja ya uti wa mgongo na jozi moja ya mbavu. Carl Linnaeus, Mswidi aliyewapanga viumbe kwa majina ya Kilatini, aliyahesabu kwa makini: katika toleo la 1758 la kitabu chake Systema Naturae, nyoka hutambulishwa kwa idadi ya magamba ya tumboni na ya chini ya mkia. Hadi leo mtaalamu akiletewa nyoka asiyemfahamu huanza kuhesabu magamba.

Magamba hayo mapana ndiyo miguu yenyewe. Mwangalie kifutu, ambaye wengine humwita moma na wengine bafe, akivuka njia ya mchanga bila haraka. Hajipindi huku na huku. Anakwenda moja kwa moja, na huoni kiungo kinachosogea, anasogea tu. Siri iko chini yake. Ngozi ya tumbo haikushikamana sana na mbavu. Misuli huivuta ngozi hiyo mbele, magamba yakinyanyuka kidogo. Yakishatua, kingo zake hukamata ardhi, na misuli mingine huuvuta mwili mzima kwenda mbele huku ngozi imetulia chini. Mwaka 2018 Steven Newman na Bruce Jayne wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walieleza kazi ya kila msuli kwa kumchunguza boa, nyoka mkubwa wa Amerika anayetambaa hivyohivyo. Zamani ilidhaniwa kwamba nyoka wa namna hii hutembea kwa mbavu. Sivyo. Mbavu hukaa kwa mpangilio wake, na nyoka hutembea ndani ya ngozi yake.

Hata wale wanaokwenda kwa kujipinda hawawezi kitu bila gamba. David Hu na wenzake walipima msuguano wa tumbo la nyoka, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba hauko sawa pande zote: akielekea mbele huteleza kwa wepesi, akisukumwa kando au nyuma hukwama zaidi. Kisha wakawavisha nyoka vazi la kitambaa lililoyafunika magamba. Wanyama wale walijipinda kwa nguvu zao zote na hawakufika popote. Misuli ilikuwapo, uti wa mgongo wenye mamia ya pingili ulikuwapo, na nia ya kuondoka bila shaka ilikuwapo. Kilichokosekana ni makali ya gamba yasiyozidi upana wa uzi.

Yupo nyoka ambaye miguu ya namna hiyo haihitaji kabisa. Ni nyoka wa baharini mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano, anayefika hadi maji ya pwani yetu na ambaye makazi yake yanavuka Bahari ya Hindi na Pasifiki mpaka Amerika. Huzaliwa baharini, hula baharini, na huzaa watoto hai humohumo baharini. Magamba mapana ya tumboni hana. Yamepunguzwa yakakaribia udogo wa yale ya mgongoni, na mawimbi yakimtupa ufukweni hujinyonganyonga mchangani asiweze kurudi majini. Lakini ngozi hiyo iliyoondolewa kazi ya kutembea ilipewa kazi ya kupumua. Jeffrey Graham alionyesha mwaka 1974 kwamba nyoka huyu anaweza kupata hadi thuluthi moja ya oksijeni yake moja kwa moja kutoka kwenye maji, kupitia ngozi. Ni kana kwamba hakuna gamba lililoachwa likae bure.

Kope nazo zina habari yake. Jicho la nyoka limefunikwa na gamba. Gamba hilo ni angavu kabisa na limeungana na ngozi ya kichwa pande zote, ndiyo maana nyoka hapepesi wala hafumbi. Hulala macho wazi, na watu huona anawakodolea. Machozi yake hupita chini ya gamba hilo, kati yake na mboni, hivyo vumbi la kutambaa chini maisha yote haliligusi jicho lenyewe. Ila gamba hilo lina uhai, na kitu chenye uhai kinataka damu. Ndani yake imo mishipa myembamba, na damu ikipita mbele ya mboni lazima itatize kuona. Jambo hili lilitatuliwaje? Kevin van Doorn na Jacob Sivak wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha jibu mwaka 2013. Nyoka akiwa ametulia, mishipa hufunguka na kufunga kwa zamu. Akihisi hatari, huibana muda mrefu zaidi, ili macho yawe safi wakati anapoyahitaji kuliko wakati wowote. Wakati wa kujenga ngozi mpya damu humiminika mfululizo, kwani hapo kujenga ndiko kunatangulia kuona.

Kujivua gamba, kwa maoni yangu, ndio muujiza mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Chini ya ngozi ya zamani, ngozi mpya hujengwa ikakamilika kabla ile ya juu haijaachia. Kila gamba lina mwenzake chini yake, kila mkunjo una mkunjo, hata lile gamba la jichoni. Majimaji hujaa kati ya ngozi hizo mbili ili zitengane, na hapo ndipo macho ya nyoka hugeuka kuwa na ukungu wa rangi ya maziwa iliyochanganyika na buluu. Siku hizo haoni vizuri, na anajua. Hujificha, wengi hawali, na usimchokoze, kwa sababu asiyeona huuma haraka. Baada ya siku kadhaa macho hung'aa tena, na asiyejua hudhani mambo yamekwisha. Bado. Nyoka hutafuta jiwe au mzizi, husugua midomo, ngozi hupasuka hapo mdomoni, naye hutoka taratibu akiiacha nyuma imepinduka ndani nje, kama mtu avuavyo soksi. Mara nyingi hutoka nzima, kipande kimoja.

Ukiokota gamba lililoachwa kwenye kichaka, litazame upande wa kichwa. Utaona miduara miwili myembamba, angavu, isiyo na doa. Alikuwa akiangalia dunia kupitia hapo. Rangi karibu zote zimebaki kwa mwenyewe, kwa sababu hutoka tabaka la chini lisilovuliwa. Na usiogope ukilipima urefu: gamba lililovuliwa huwa refu kuliko nyoka aliyelivaa, kwa kuwa ile mikunjo yote iliyokuwa imejificha kati ya magamba imenyooka. Nyoka wangapi wakubwa wa kutisha vijijini wamezaliwa kutokana na gamba lililookotwa nyuma ya ghala!

Mijusi hawavui hivyo. Ngozi yao hutoka vipandevipande, na wengi wa wale wanaotembea ukutani huila wenyewe, chakula kisipotee. Yule nyoka wa baharini naye ana tatizo lake: katikati ya bahari hakuna jiwe wala mzizi. Hujifunga fundo. Hulisogeza fundo hilo kuanzia upande wa kichwa kuelekea mkiani, ngozi ikisuguana na ngozi, na gamba kuukuu hutoka pamoja na mwani na viumbe vidogo vilivyokuwa vimejishikiza juu yake. Hakuna aliyemfundisha.

Wapo wanaotumia gamba kusema. Nyoka wa Amerika mwenye njuga mkiani hubakiza kipande kidogo cha gamba kila anapojivua, na vipande hivyo vilivyopachikana ndivyo vinavyogongana na kutoa ule mlio. Kaskazini mwa Kenya, na vilevile Oman, wapo nyoka wadogo wa jangwani wenye magamba ya ubavuni yaliyokaa mshazari, kila moja likiwa na mgongo wenye meno ya msumeno. Wakitishwa hujikunja kwa pindi zinazopitana, wakazisugua pindi hizo, na sauti inayotoka ni ya kitu kinachokaangwa. Wataalamu hudhani kwamba kusema kwa ngozi badala ya pumzi huwaokolea maji, maana kila pumzi inayotoka kwa nguvu hubeba unyevu, na jangwani unyevu ni uhai. Sumu yao ni kali sana na onyo lao ni la kweli. Lakini katika nchi zetu yupo pia nyoka mla mayai, asiye na sumu na karibu hana meno, ambaye hana silaha yoyote ya kujitetea isipokuwa hii: naye amepewa magamba ya ubavuni yenye meno ya msumeno, naye hujikunja vilevile na kutoa sauti ileile. Mnyonge akakopeshwa sauti ya mwenye nguvu. Ukisikia sauti hiyo, usikae kupambanua ni yupi kati yao, rudi nyuma.

Kuhusu rangi ningeweza kuandika kurasa nyingi, ila nitakaa kwa mmoja. Katika misitu ya Usambara Mashariki anaishi kifutu wa Gaboni, mnene, mzito, mpole kuliko sura yake, mwenye meno ya sumu yanayoweza kufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote. Mgongoni mwake pamepangwa maumbo ya pembe kwa rangi ya maziwa, kahawia na zambarau, na kati yake madoa meusi. Ukimweka peke yake mezani ni pambo linalovuta jicho. Mrudishe juu ya majani makavu ya msituni, na umbo lake linapotea: jicho la mpita njia linaona jani, kivuli, jani. Na hicho kivuli ndicho kilichowashangaza watafiti. Marlene Spinner, Stanislav Gorb na wenzao nchini Ujerumani walichunguza ngozi ya ndugu yake wa Afrika Magharibi, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba magamba meusi hurudisha chini ya asilimia 11 ya mwanga, kutoka pembe yoyote unayomulika. Rangi nyeusi peke yake haitoshi kufanya hivyo. Chini ya hadubini, uso wa gamba jeusi umejaa vijitokezo vyenye umbo la jani, vimesimama vikisongamana, na juu ya kila kimoja kuna matuta madogo zaidi. Mwanga ukiingia humo hugonga huku na kule na kumezwa. Ili kuhakikisha, watafiti waliyafunika magamba kwa utando mwembamba wa dhahabu iliyochanganywa na paladi. Magamba ya rangi hafifu yaling'aa kimadini. Meusi yalibaki meusi. Ukiweza kuweka dhahabu juu ya kitu na kisimeremete, umeshika kazi ya fundi ambaye hana mfano.

Kinyonga naye ana kazi ya fundi huyohuyo, kwa njia iliyo kinyume. Tumezoea kusema anabadilika ili afanane na mti aliopo. Mara nyingi zaidi anabadilika kwa sababu ya hasira, uchumba, joto au baridi. Watafiti wa Geneva, wakiwamo Jérémie Teyssier na Michel Milinkovitch, walionyesha mwaka 2015, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi kuna seli zilizojaa fuwele ndogo zilizopangwa kwa nidhamu. Dume akitulia, fuwele hukaa karibukaribu na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye rangi ya njano iliyo juu yake huonekana kijani. Akikasirika, fuwele huachana, na mwanga unaorudi ni wa njano hadi mwekundu. Buluu hiyo haikupakwa popote; ni umbali tu kati ya fuwele na fuwele. Milima yetu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na mwaka 2006 kadhaa kati yao waliwekwa katika jenasi iliyopewa jina la Kinyongia, kutokana na neno letu. Nadhani kila mtoto wa shule wa Lushoto anastahili kulijua hilo.

Mjusi kafiri anayewinda mbu darini asisahauliwe, maana naye ni maajabu ya gamba: chini ya vidole vyake magamba yamechipua vinywele. Kwa ndugu yake mkubwa wa Asia, tokei, vinakaribia nusu milioni kwa kila mguu, na kila unywele hugawanyika kuwa mamia ya ncha. Kellar Autumn na wenzake, kwa kazi zao za 2000 na 2002, walionyesha kwamba hakuna gundi wala kunyonya. Ncha hizo husogelea ukuta kwa ukaribu mno hata nguvu ndogo zinazovutana kati ya molekuli zinatosha kumbeba. Akibadili pembe ya kidole, ananasuka. Na huko Madagaska na Komoro wako mijusi wa ukoo huohuo wenye magamba makubwa yaliyoshikizwa kidogo tu, ambao adui akiwakamata humwachia kinywa kilichojaa magamba, wakakimbia uchi na kuyaotesha upya baadaye.

Kuna gamba moja ambalo siwezi kuliandika bila uchungu. Kasa aitwaye ng'amba ana magamba 13 makubwa mgongoni, mazito, yenye miale ya asali na kahawia iliyokolea, yaliyolaliana, tofauti na kasa wengine wa bahari yetu ambao yao yamepangana ubavu kwa ubavu. Uzuri huo ulijulikana mapema. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinataja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizochukuliwa Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Kwa karne nyingi magamba hayo yalibanduliwa kwa moto, yakawa vitana, vifungo na visanduku. Leo biashara yake kimataifa imepigwa marufuku, na ng'amba yumo kati ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Vazi alilopewa limkinge ndilo lililomponza, na aliyemponza ni sisi.

Nimewaacha mamba hadi mwisho kwa sababu wao hawakunyimwa kitu. Mamba ana miguu minne, ana kope, ana sauti inayotikisa maji. Hata hivyo ngozi yake nene, yenye mifupa ndani ya magamba ya mgongoni, imepewa jambo ambalo hungelitarajia kwa kiumbe mwenye sura ile: wepesi wa kuhisi. Juu ya magamba yake kuna vidoa vidogo vilivyotuna. Daphne Soares alionyesha mwaka 2002 kwamba aligeta wa Marekani, aliye jamaa wa mamba, anaweza gizani kuligeukia tone moja la maji lililoanguka, kwa vidoa vya usoni tu. Duncan Leitch na Kenneth Catania, mwaka 2012, walikuta kwamba kwa mamba wa Nile vidoa hivyo vimetapakaa mwili mzima, na kwamba vya kwenye taya huhisi mguso mwepesi kuliko ncha za vidole vya binadamu. Ndipo inapoeleweka jinsi mama mamba anavyoweza kuyaokota makinda yake kwa meno yaleyale yanayovunja mfupa wa nyumbu, na kuyashusha majini bila mkwaruzo.

Magamba ya mwili wa mamba huanza yakiwa kibaka kidogo cha seli zilizonenepa katika kiinitete. Di-Poï na Milinkovitch walithibitisha mwaka 2016 kwamba kibaka hicho kiko kwa mamba, kwa mjusi na kwa nyoka, na ni cha jinsi ileile inayoanzisha unyoya kwa kuku na unywele kwetu. Jeni moja inayohusika, EDA, ikiharibika, mjusi huzaliwa bila magamba, na mtoto wa binadamu huzaliwa na nywele chache na meno pungufu. Kwa hiyo unapomwogopa mwenye magamba, kumbuka ulianza kama yeye, kwa kibaka cha jinsi ileile.

Kichwani mwa mamba, lakini, mambo si hivyo. Huko hakuna kibaka. Mwaka 2013 maabara ya Milinkovitch ilieleza kwamba magamba ya uso na taya hayachorwi moja moja. Ngozi hujigawa kwa nguvu za kimaumbile, na wakati huo walidhani inapasuka. Mwaka 2024 maabara hiyohiyo ilirekebisha maelezo: ngozi ya kichwa hukua haraka kuliko mfupa ulio chini yake, haina pa kwenda, inajikunja, na mikunjo ikikutana huacha vipande vyenye pembe nyingi. Walipoingiza ndani ya mayai kichocheo cha kuharakisha ukuaji wa ngozi, mikunjo ikazidi, na sura za vifaranga zikabadilika. Kwingine mwilini Muumba alipanga kila gamba mahali pake. Hapa aliweka kanuni ya ukuaji, na kanuni ikakunja. Kwa hiyo kwa mamba wa Rufiji magamba ya taya ya kushoto hayalingani na ya kulia, na mchoro huo hana mamba mwingine yeyote mtoni.